Shangazi na Mchezo wa Masanduku

Juzi, kwenye kikundi cha simu cha sisi tuliosoma pamoja Kitale, mmoja wetu aliuliza swali lililozua ubishi wa siku nzima. Mtoto wake ameanza kupenda michezo ya mafumbo ya kompyuta, ile ya kukaa na kufikiri badala ya kupiga risasi, na yeye alitaka kujua kama ni sawa kumwanzishia ule mgumu ambao anaucheza mwenyewe. Wengi walipinga. Anayeanza apewe rahisi kwanza, walisema, la sivyo atachoka, atauchukia na hatarudi tena. Wachache walisema kwamba rahisi ndio huwachosha watu. Nilisoma yote nikinywa chai, na sikuandika neno. Siyo kwamba sina maoni. Ni kwamba mada hiyo ikitajwa pua yangu hurudi sebuleni kwetu, kwenye harufu ya vumbi linaloungua taratibu juu ya skrini ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, na namwona mtu wa kwanza niliyewahi kumwona akiletewa mchezo mgumu bila kuuomba. Hakuwa mtoto. Alikuwa shangazi yangu Nasambu, dada mkubwa wa baba, ambaye mpaka mwaka ule alikuwa hajawahi kugusa kompyuta hata kwa kuifuta.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja pale mjini. Ofisi ilipoletewa kompyuta mpya, alirudi nyumbani na moja ya zile kuukuu, akaiweka mahali palipokuwa pa redio, na mama akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika kama alivyofunika makochi. Baba alitoa amri kwamba hakuna kiatu kitakachovuka zulia, kwa sababu vumbi linaua kompyuta. Kwa hiyo harufu ya pili ya kumbukumbu hii ni soksi. Wageni wote, hata wa kanisani, walivua viatu mlangoni wakaingia wakiwa wapole kidogo kuliko walivyokuwa nje.

Ndani ya ile mashine mlikuwa na michezo miwili tu. Mmoja ulikuwa wa karata. Wa pili ulikuwa na kijitu kimoja ndani ya chumba chenye kuta na kona nyingi, pamoja na masanduku kadhaa na alama sakafuni. Kazi ya kijitu ni kusukuma masanduku mpaka yakae juu ya alama. Yakikaa yote, mlango unafunguka na kijitu kinatoka. Kinaweza kusukuma sanduku moja kwa wakati mmoja, na hakiwezi kuvuta hata kidogo. Aliyeutengeneza hakuweka chumba cha kujifunzia. Ulianza na chumba kigumu, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukimaliza, ingawa nilijihesabu bingwa wa mtaa. Tena haukuwa na kumbukumbu yoyote. Ukiufunga, au stima ikipotea, ulirudi mwanzo kabisa ukasahau ulichofanya.

Shangazi alikuja kutoka Kamukuywa asubuhi moja ya baridi, na begi moja na kuku aliyefungwa miguu. Nikaambiwa amekuja kupumzika. Niliamini, nikashangaa sana kumwona mtu anayepumzika akifua mapazia, akisugua sufuria kwa majivu mpaka zinang'aa, na akipalilia bustani ya mama ambayo haikuwa na magugu. Nilimpenda mara moja. Wakati ule nilimpenda kuliko mama yangu, na nalisema hili bila wasiwasi kwa kuwa mama analijua. Alikuwa ananisikiliza. Nikisimulia habari ya shule, aliacha anachofanya, akauliza, "Halafu yeye akasema aje?" na akangoja jibu. Hakuna mtu mzima mwingine nyumbani aliyekuwa na nafasi ya kujua fulani alisema aje.

Kwa nini hasa alikuja, nililijua nikiwa mkubwa. Mume wake, Makokha, alikuwa ameoa mke mwingine na kumleta katika nyumba ambayo shangazi aliikandika kwa mikono yake. Hakumfukuza shangazi. Alimwambia tu asogeze vitu vyake upande wa jikoni.

Baba, ambaye hakujua la kumwambia dada yake, aliamua kumfundisha kompyuta. Nadhani aliona ni dawa. Alianza na karata, kama vitabu vyote vya kufundishia vilivyosema, kwa kuwa ni mchezo mwepesi na unazoesha mkono. Shangazi aliziona tu karata zikijipanga kwenye skrini akasukuma kiti nyuma.

"Hapana, ndugu yangu. Hii ni ya walevi."

"Dada, ni kompyuta. Hakuna pesa hapa, hakuna pombe."

"Na mfalme ni yule yule. Mimi naimba kwaya. Ati nikae hapa nacheza karata mchana, mtu wa kanisa akiingia nimwambie nini?"

Baba alijaribu kucheka, lakini yeye hakuwa anatania. Na kwa kuwa mchezo wa kumwanzishia mtu ulikuwa dhambi, ukabaki ule mgumu. Ndiyo sababu siwezi kubishana na watu wa kikundi. Wanazungumza kama mtu anayeanza amesimama mbele ya duka, achague. Shangazi yangu hakuchagua wala hakuchaguliwa na mtu. Alipata uliobaki.

Baba akaenda kazini, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi akaniachia mimi kazi ya ualimu. Nilimwonyesha vitufe vya mishale. Alikijaribu kile kijitu huku na huku, akacheka kilipogonga ukuta, kisha akakipeleka nyuma ya sanduku la kwanza na kulisukuma moja kwa moja hadi kwenye kona ya mwisho ya chumba. Akapangusa mikono kwenye leso kama mtu aliyemaliza jambo.

"Hiyo moja imekaa vizuri. Leta ingine."

"Shangazi, hiyo imekwama."

"Imekwama aje? Stoo inajazwa kutoka kona ya nyuma. Ukianza mlangoni utapita wapi?"

Alikuwa sahihi, kama ni mahindi. Kila mtu niliyemjua alipanga magunia hivyo, kona kwanza, halafu ukuta, halafu unarudi nyuma ukielekea mlangoni. Baadaye niliwaona wageni wengine wakikaa mbele ya mchezo ule, majirani na binamu kutoka Naitiri, na wote waliotoka nyumba za mahindi waliharibu mambo kwa sanduku la kwanza, wakiwa na uhakika kabisa. Watoto wa mjini, ambao hawakujua kazi yoyote, walipapasapapasa wakachelewa kuharibu.

"Sasa mwambie huyu mtu azunguke, avute," shangazi alisema.

"Hawezi kuvuta."

"Ni mwanaume gani huyu hawezi vuta sanduku?"

"Ndivyo alivyo, shangazi. Ni kuanza tu upya."

"Nyamaza kwanza nijaribu."

Akajaribu mpaka jioni. Hapo ndipo ninapokubaliana kidogo na wale waliopinga. Ubaya wa mchezo mgumu kwa mtu anayeanza hauko katika ugumu. Ni kwamba umeshashindwa na mchezo haukuambii. Sanduku moja limekufa kwenye kona, mlango hautafunguka kamwe, lakini kijitu bado kinatembea, masanduku mengine bado yanasogea, na wewe unaendelea kusukuma kwa bidii ukidhani unakaribia. Shangazi alisukuma mchana kutwa katika chumba kilichokuwa kimekwisha tangu asubuhi. Nilimhurumia, lakini nilikuwa nimefurahi kuketi naye.

Siku chache baadaye mama alimuuliza, kwa ile sauti laini ya wifi anayeuliza bila kutaka kuonekana ameuliza, kama huko nyumbani Kamukuywa shamba halijaota nyasi. Shangazi alikuwa mbele ya skrini, mimi kando yake. Hakugeuka.

"Nikitoa huyu mtu kwa hii chumba, naenda," akasema.

Mama akacheka, akarudi jikoni. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu mtu mzima akisema nikimaliza hiki nitafanya kile, ndivyo ilivyokuwa. Baba akimaliza gazeti ndipo tuliweza kumwomba kitu. Mama akimaliza kusali ndipo tulikula. Kwa hiyo nilielewa kwamba shangazi ameweka masharti, na kwamba siku kijitu kitakapopita mlangoni, yeye naye atachukua begi lake. Kuanzia siku ile nilimwomba Mungu shangazi ashindwe. Nilikimbia kutoka shule ili nijue kama bado yupo. Nikimkuta amekwama, nilikula chakula cha mchana kwa raha. Stima ilipopotea, watu wote mtaani wakiguna, mimi nilishukuru.

Lakini alikuwa anajifunza, na niliona. Jioni moja alisimamisha mkono hewani akaangalia skrini kwa muda mrefu bila kugusa kitufe chochote. Vumbi lilikuwa linanuka, na mahali fulani nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Hii imeisha kitambo," akasema polepole. "Si sasa. Ni ile ya kwanza kabisa. Haya mengine nilikuwa najisumbua tu."

Akaanza upya yeye mwenyewe, bila kuambiwa, na safari hii hakupeleka kitu kwenye kona. Alizunguka, akapima, akasukuma hatua moja, akaacha. Nililala na hofu. Nilijua kwamba mtu aliyeanza kuona hivyo hana muda mrefu ndani ya chumba.

Basi jambo la ajabu likatokea, au mimi niliona la ajabu. Wiki iliyofuata akaanza kukosea tena. Alikuwa anasukuma vizuri, masanduku yanakaribia kukaa, halafu ghafla moja analipeleka ukutani, mahali lisipoweza kutoka. "Oh," anasema. "Angalia sasa." Nilidhani chumba kilikuwa kinazidi kuwa kigumu kadiri mtu anavyokaribia mwisho. Niliona ni haki kabisa, na nikatulia.

Makokha alikuja Jumapili moja mchana na wazee wawili wa ukoo wake. Kwetu mwanamke aliyekwenda kwa ndugu yake haitwi kwa simu. Mume huja na watu wake, wanakaribishwa, wanakunywa chai, wanasema maneno ya upole. Na wakishasema maneno ya upole huku wameshika kikombe chako, kuwajibu hapana ni kumvua nguo ndugu mwenye nyumba. Baba alijua hivyo, ndiyo sababu uso wake ulikuwa umekauka. Walivua viatu. Makokha alikuwa na soksi mpya. Mimi, kama msichana wa nyumba, nilikuwa nimepewa kazi ya kupitisha mkate.

"Tumekuja kwa amani," alisema mzee mmoja. "Mtu hukasirika, akapoa. Nyumba imebaki baridi."

"Mimi sikumfukuza," Makokha alisema, akimwangalia baba. "Yeye mwenyewe anajua. Arudi, hayo mengine tutaongea huko nyumbani."

Shangazi aliitwa kutoka jikoni. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akaangalia mikono yake. Baba akakohoa.

"Dada, umesikia."

"Nimesikia."

Halafu kimya. Nilijua kimya cha watu wazima, na nikajua kwamba hiki kilikuwa kinaelekea kumchukua. Sijui niliwezaje, maana mimi ni mwoga hata leo, lakini nilisimama na sahani ya mkate nikasema, "Hawezi kwenda. Bado hajamaliza mchezo."

Baba aliniangalia vile mtu anavyomwangalia mbwa aliyeingia kanisani. Lakini mzee mmoja akacheka. "Mchezo gani, mama?"

"Wa masanduku. Alisema akimtoa yule mtu ndani ya chumba ndio ataenda. Na bado hajamtoa."

Sasa wazee wote wawili wakacheka, na mmoja akaomba aonyeshwe huyo mtu aliyefungiwa. Baba, ambaye udhaifu wake mkubwa ulikuwa ile kompyuta, hakuweza kukataa. Alikunja kitambaa cha mama, akaiwasha, tukasubiri ingurume mpaka iamke. Mzee akaketi. Nilimwonyesha mishale. Akasukuma sanduku la kwanza moja kwa moja hadi kwenye kona ya nyuma.

"Hapo," akasema kwa kuridhika.

"Weka ingine kando yake," akasema Makokha, akisogeza kiti. Mwenzao naye akaja, kikombe mkononi, na muda si mrefu wanaume wote wanne walikuwa wameinama mbele ya skrini, baba akiwemo, wakibishana kuhusu namna ya kujaza stoo. Soksi zilikuwa zimejipanga kwenye zulia. Shangazi alibaki kwenye kigoda chake.

"Sasa vuta hiyo," Makokha akaamuru.

"Haivuti," shangazi akasema kutoka mlangoni.

"Basi itatoka aje?"

"Haitoki."

Makokha akageuka kumtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama tangu aingie.

"Na wewe unaweza hii kitu, Nasambu?" mzee akauliza.

"Najaribu, mzee. Lakini ni ngumu, na mimi ni mgeni kwa haya mambo."

"Utamaliza lini sasa?"

"Nikimaliza nitawaambia."

Hakuna aliyeweza kusema amekataa. Hakukuwa na neno la kukataa pale ndani, na wote walikuwa wametoka kuona kwa macho yao kwamba mchezo ni mgumu. Mzee alicheka tena, akasema ni kweli, mtu hawezi kuacha kazi katikati. Walimaliza chai, wakavaa viatu, wakasindikizwa vizuri hadi barabarani. Makokha alitembea nyuma yao. Baba alirudi ndani akasimama kidogo mbele yangu, na nilingoja kofi, lakini alichukua kipande cha mkate kwenye sahani, akaenda zake chumbani.

Watu walitumwa tena kuuliza, wakaambiwa bado. Baadaye hawakutumwa. Shule zilipofungwa, shangazi alituambia amepata chumba Bungoma, mtaa wa nyuma ya msikiti, kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa fundi wa kushona na aliyetaka mtu wa kusaidiana naye. Alikunja vitu vyake vyote akaviingiza katika lile begi moja. Nilikasirika kuliko nilivyohuzunika. Niliona amevunja masharti yake mwenyewe.

"Lakini hujamtoa," nilimwambia.

"Utamtoa wewe," akasema, akanishika kichwa.

Sikumtoa. Niliujaribu mchezo ule likizo nzima, nikichungulia kiti kitupu kando yangu, hadi baba akapewa kompyuta nyingine isiyokuwa na mchezo wowote, na mambo yakaisha hivyo. Nilibaki na imani kwamba chumba kile hakikuwa na njia. Nilikuwa na ushahidi. Kama shangazi, ambaye aliweza kusugua sufuria nyeusi ikawa kioo, alikishindwa, basi nani angekiweza?

Nilipita kwake Bungoma baada ya miaka mingi, nikiwa nimeanza kazi. Alikuwa na cherehani yake mwenyewe kwenye baraza ya duka, na rundo la sare za shule zisizo na vifungo. Alinipa kiti, akanipa kanzu ya mtu nishike upande mmoja huku yeye anapiga pindo, kana kwamba nilikuwa nimetoka hapo jana tu. Tuliongea habari za baba na miguu yake iliyokuwa ikimsumbua. Tukaongea habari za Makokha, ambaye alikuwa amekufa, na shangazi alisema alikwenda kuzika, akakaa na wanawake wengine, akarudi siku ileile. Ndipo nikakumbuka mchezo, nikamwambia kwa kutania kwamba watu wengi sasa wana simu zenye michezo migumu kuliko ule, na kwamba labda sasa angeweza kukimaliza kile chumba.

Akaacha kuendesha cherehani.

"Kile chumba nilimaliza."

"Lini?"

"Kabla hata wale wazee wakuje. Wewe ulikuwa shule. Mtu akatoka kwa mlango, nikaona kumefunguka chumba kingine kikubwa. Nikaangalia nyuma, hakuna mtu ndani ya nyumba. Nikazima."

Nilikuwa nakumbuka zile jioni zote, mkono wake ukienda vizuri kisha ukilipeleka sanduku ukutani, na jinsi nilivyokuwa natulia.

"Kwa hivyo ulikuwa unakosea makusudi?"

"Ukitoka shule, ndiyo. Na ilikuwa kazi kuliko kuimaliza."

"Lakini kwa nini, shangazi?"

Alilowesha uzi mdomoni, akauingiza kwenye sindano bila kuangalia. "Nilikuwa nimesema nikimtoa huyo mtu, naenda. Nilisema mbele yako, na wewe ulikuwa umeshika hiyo maneno, nilikuona. Nilimaliza, mama. Lakini nilikuwa bado sina pa kwenda."